Nyeusi Ipi?

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mgongo wake ukuta wa kibanda cha kinyozi, na sheria yake ni moja: anayekaa mwisho wa kushoto haamki bila kuaga, la sivyo wa kulia anakwenda chini pamoja na kikombe chake. Kulia huketi Soli, fundi viatu, ambaye hushonea papo hapo kiatu cha mtu kikiwa magotini, kwa hiyo hujihesabu yuko kazini na wenzake ndio wavivu. Kushoto huketi Mheshimiwa, aliyekuwa tarishi wa ofisi kubwa. Tangu astaafu anazungumza kana kwamba zile barua zilikuwa zake, si za kupeleka. Katikati ni pa Wembe, kinyozi, kila kiti chake kinapokosa mteja. Na mbele yao, juu ya kigoda, Shangazi na birika lake la kahawa, shangazi wa mtaa mzima ingawa hana mpwa hata mmoja hapo. Asubuhi ile kahawa ilikuwa ya moto, jua lilikuwa changa, na barabara ilikuwa na watu wa kutosha wa kusengenya. Lakini hakuna aliyesengenya. Wote walikuwa wanatazama kule ambako Wembe hakutaka watazame: ng'ambo ya barabara, kwenye duka la mafundi cherehani, ambako binti yake alikuwa ameigeuza cherehani yake ikatazama ukuta.

— Bado tu? — Soli aliuliza, sindano mdomoni.

— Bado nini?

— Bado unamtazama.

— Natazama barabara.

— Barabara haifungi kitambaa kichwani, ndugu yangu.

Wembe alipuliza kahawa ambayo ilishapoa.

Zamani cherehani ile ilitazama mtaa. Binti alikuwa akishona huku ameinua uso, mguu unakanyaga, mkono unasukuma nguo, macho yanapita juu ya sindano mpaka kwa baba yake; na Wembe, akiwa na kichwa cha mtu mikononi, alikuwa akiinua kitana mara moja, juu, kama anayepunga bendera, naye binti akiinua utepe wake wa kupimia. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Hakuna aliyewahi kuiita salamu mpaka ilipokoma.

— Tulitazame jambo hili kwa utaratibu — Mheshimiwa alisema, akakohoa kikohozi cha mkutano. — Tuanzie mwanzo, kwa faida ya wasiokuwepo.

— Wote tulikuwepo — Shangazi alisema.

— Basi kwa faida ya kumbukumbu.

— Kumbukumbu tunazo, Mheshimiwa. Ndizo zinazotunyima raha.

Ni kweli, wote walikuwepo. Ilikuwa siku ambayo mwenye duka alimkabidhi binti mkasi mkubwa wa kukatia, maana yake kujifunza kumekwisha, sasa ni fundi kamili, anaweza kukata kitambaa cha mteja bila mtu kusimama nyuma yake. Mchana alivuka barabara, kichwa kimefungwa, akasimama mlangoni pa kibanda, akafungua. Nywele zilikuwa zimepigwa mistari ya dhahabu, mmoja hapa, mmoja pale, kama jua linapopenya kwenye uzio wa mbao.

"Baba," alisema, "nimekaaje?"

Wembe alikuwa na mteja kitini, povu limemjaa mashavuni. Aligeuka. Kama angeanza kwa kumtazama binti usoni, labda mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini alitazama benchi kwanza, akaona benchi linamtazama yeye. Soli alishaacha mdomo wazi. Mheshimiwa alishanong'ona kitu kuhusu maadili. Ndipo Wembe akapaza sauti ikafika ng'ambo:

"Huyu mimi simjui. Nenda kakirudishe kichwa ulichozaliwa nacho, ndipo uje uniite baba."

Benchi lilicheka. Binti naye alicheka kidogo, kama mtu anayesubiri aambiwe ni utani. Alisubiri. Hakuambiwa.

Na alitii, hapo ndipo ubaya ulipo. Asubuhi iliyofuata alivuka tena, nywele nyeusi tii, rangi ya pakiti aliyojipaka mwenyewe katika chumba anachopanga na fundi mwenzake nyuma ya duka. Kivulini zilipita. Lakini alipotoka kivulini, jua lilimsaliti: kila palipokuwa na dhahabu palitoa ukijani, kama maji yaliyosimama siku nyingi. Mheshimiwa akasema, "Mbona mtoto amechipua?" Benchi likaanguka kwa kicheko. Na Wembe, ambaye tangu jana yake roho ilikuwa inamsuta, alicheka kuliko wote, ili roho inyamaze.

Binti alifunga kitambaa pale pale barabarani. Kabla siku haijaisha, cherehani ilikuwa imegeuzwa.

— Lile neno "amechipua" lilinitoka tu — Mheshimiwa alisema sasa, akichungulia ndani ya kikombe. — Sikulipanga.

— Hujawahi kupanga neno — Shangazi alisema. — Ungekuwa unapanga, ungekuwa umenyamaza miaka mingi.

— Shangazi, usinivunjie heshima mbele ya umma.

— Umma gani? Soli huyu?

Soli alitoa sindano mdomoni, dalili kwamba ana hoja. Alikipandisha kiatu hewani ili wote wakione.

— Sikilizeni. Mimi nimesema tangu siku ile na hakuna anayenisikia, kwa sababu nanuka gundi. Tazameni ngozi hii. Ikishapaushwa, imemwaga rangi yake yote, imebaki na kiu. Ukiipiga nyeusi moja kwa moja, inakunywa, inakunywa, halafu inakutemea kijani. Nimeona kwa macho yangu. Dawa ni nyekundu.

— Nyekundu?

— Nyekundu kwanza. Unaipaka nyekundu iliyokolea, inashiba. Halafu ndiyo unaweka nyeusi juu. Kiatu kinarudi kama siku kilipotoka kwa ng'ombe.

— Ala! — Mheshimiwa alishika kiuno. — Mtoto ametoka dhahabu, ameingia kijani, sasa unataka tumpitishe nyekundu? Huyo ni binti au ni taa za barabarani?

Hata Wembe alitaka kucheka, akajizuia. Kicheko cha benchi hili alikuwa hakiamini tena.

— Cheka — Soli alisema. — Ukileta viatu vyako hapa, nitakumbuka.

— Tatizo lako, Soli, unatazama mambo kwa chini. Nyayo, soli, visigino. Nywele ni suala la juu. — Mheshimiwa alijiweka sawa, ubao ukalia. — Mimi nimekaa ofisini, najua mambo yanavyokwenda. Rangi ya nywele ni agizo. Linatoka makao makuu, hapa, utosini. Kila unywele ni tawi. Sasa matawi fulani yamekwenda yakajipaka dhahabu bila idhini. Utafanyaje? Utakwenda tawi moja moja na brashi? Hapana! Unaandikia makao makuu. Makao makuu yanatoa agizo jipya, matawi yanatekeleza.

— Na makao makuu unayaandikiaje, mzee?

— Kwa chakula. Anakula vitu vyeusi. Maharage meusi, zabibu nyeusi, mkate ulioungua kidogo.

— Kwa hiyo mimi ninayekunywa kahawa kila siku — Soli alisema, akavua kofia, upara ukang'aa — makao makuu yangu yalisema nini?

— Yako yalifunga ofisi.

Shangazi alicheka mpaka akaliweka birika chini. Wapita njia wawili waligeuka. Ng'ambo, mgongo wa binti haukugeuka. Wembe aliuona mgongo ule ukikaza, bega moja likapanda kidogo, akajua: amesikia kicheko, na anadhani ni chake.

— Punguzeni sauti — alisema.

— Hatumcheki yeye.

— Yeye atajuaje?

Hilo liliwakalia vibaya. Soli alivaa kofia. Sauti ya cherehani ilivuka kutoka ng'ambo, sauti ile kavu inayokwenda, inasita, inakwenda.

— Wahenga walisema... — Mheshimiwa alianza.

— Wahenga waache wapumzike — Shangazi alimkata. — Hawakuwa na saluni.

— Basi niseme langu — Mheshimiwa alisema. Nywele zinafuata moyo. Si utani huu, nasema kweli. Mtu akifurahi, hata ukimpaka tope zinakaa. Akinuna, umpake dhahabu halisi, zinafifia. Yule mtoto moyo wake umeingia kivuli, ndiyo maana kichwa kimetoa kijani, kama kitu kilichofunikwa na ndoo. Tatizo hili halihitaji rangi. Linahitaji mtu wa kwenda kuinua ndoo.

Wote walimtazama Wembe. Wembe alitazama mikono yake.

— Nilikwenda — alisema.

— Lini?

— Juzi. Nilibeba suruali.

— Suruali?

— Suruali yangu. Niliifumua mshono mwenyewe, nipate sababu. Nikaingia, nikasema, "Mama, nishonee hapa." Akaipokea, akashona, akanirudishia. Akasema, "Tayari, mzee."

Tangu binti azaliwe Wembe humwita mama, kwa kuwa alipewa jina la mama mzazi wa Wembe. Na binti hakuwahi kumwita mzee. Wateja ndio wazee. Baba ni baba.

— Mzee — Soli alirudia, polepole.

— Ndiyo. Nilimwambia asiniite baba. Ananisikiliza.

Mheshimiwa aliweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa umepoteza ofisi yote. Lakini mtu wa benchi akiguswa moyo hujua njia moja tu ya kutoka, nayo ni kuongeza chumvi.

— Nimepata. Wembe, upake wewe.

— Nipake nini?

— Dhahabu! Mistari kama yake. Utoke hapo mlangoni, usimame katikati ya barabara, kichwa wazi. Akikuona, hesabu imekwisha. Utakuwa umemrudishia.

— Mzee mzima? — Soli aliuliza. — Wateja watakimbia.

— Basi tupake benchi zima! Benchi ndilo lililocheka. Shangazi apake, mimi nipake, hata hizi chache zilizobaki, mistari miwili ya heshima. Tukae hapa kama alizeti.

— Na mimi nipake wapi?

— Wewe utapaka ndevu.

— Sina ndevu, huyu Wembe ananinyoa kila wiki!

— Basi utashika bango.

Wembe alijikuta, kwa kitambo kidogo, anaiwaza. Alijiona mbele ya kioo chake, shuka ya kunyolea shingoni, mistari imemkaa kichwani, anavuka barabara, watu wanapiga miluzi. Angevumilia. Angevumilia hata zaidi ya hapo. Lakini alijua lingekuwa igizo la benchi, na binti angesikia kicheko kabla ya kuona kichwa.

— Tena fanyeni haraka na upuuzi wenu — Shangazi alisema kwa sauti iliyobadilika. Alikuwa anafuta vikombe ambavyo vilishakauka. — Jumamosi anaondoka.

— Nani?

— Binti. Mwenye duka ana duka jingine, mji mwingine. Alikuwa anatafuta fundi wa kupeleka. Binti aliomba mwenyewe.

Wembe alihisi ubao umeinama ingawa hakuna aliyesimama.

— Ulijua tangu lini?

— Tangu jana. Alikuja kuchukua kahawa ya mwenye duka. Sikujua nikuambie vipi, ndugu yangu, nimezunguka nalo tangu asubuhi kama mtu mwenye kikombe kilichojaa.

— Alisema anarudi?

— Sikuuliza. Niliogopa jibu.

Shangazi akaona kwamba ameshalimwaga nusu, bora alimwage lote.

— Na kuna lingine. Siku ile ya dhahabu, alipita hapa kwanza akitoka kupaka. Kichwa amekifunga. Nikamwambia, fungua basi nione, mtoto wewe. Akakataa, anacheka, ameshika fundo kwa mikono miwili. Akasema, "Hapana, Shangazi. Wa kwanza kuona ni baba. Yeye ndiye fundi wa vichwa."

Cherehani ng'ambo ilisita, ikaenda. Fundi wa vichwa. Kumbe hakuja kuomba ruhusa, wala hakuja kujionyesha kwa mtaa. Fundi mpya alikuja kwa fundi wa zamani, siku yake ya kwanza ya ufundi, kuuliza kama kazi imekaa vizuri. Na kitambaa alichokishika kwa mikono miwili ili asiharibu mshangao wa baba yake, ndicho hicho sasa kilichofungwa kichwani.

— Angeniambia mapema... — alianza, akaacha. Nani angemwambia nini? Aliulizwa swali jepesi kuliko yote, nimekaaje, akajibu swali la benchi.

Hapo mlango wa saluni jirani ulifunguliwa. Ni saluni mpya, hata rangi ya mlango haijakauka vizuri, na msusi wake ni mwanamke kijana ambaye mtaa ulikuwa bado haujampa jina. Alitoka na taulo begani, kikombe chake mwenyewe mkononi.

— Hamjambo wazee wangu. Shikamoo Shangazi. Imebaki?

— Marahaba. Imebaki kidogo, lete.

— Samahani, ukuta wenu ni mwembamba. Nimekuwa nikiwasikia tangu asubuhi na nimejikaza kisabuni nisitoke. Huyo wa maharage meusi ni nani?

Soli alimnyooshea Mheshimiwa kidole bila huruma.

— Na wa nyekundu kwanza?

Soli akakunja kidole polepole. — Mimi. Lakini nilikuwa nazungumzia viatu.

— Uko sahihi, baba yangu. Nywele zikishapaushwa zinapoteza wekundu wa ndani. Ukiweka nyeusi juu ya utupu ule, zinatoa kijani. Lazima uzirejeshee wekundu kwanza, ndipo uweke rangi yake.

Soli alisimama. Hakuaga. Hakuna aliyeanguka, kwa kuwa yeye ni wa kulia, lakini alisimama kama aliyetunukiwa nishani.

— Mmesikia? Andikeni! Makao makuu, uko wapi?

— Kaa chini — Mheshimiwa alisema. — Ulibahatisha.

Wembe hakuwasikia. Alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa benchi.

— Kwa hiyo zinaweza kurudi?

— Zinaweza.

— Kama zamani? Kabla ya Jumamosi?

— Hata leo. Nina kila kitu ndani, na asubuhi yangu ni nyeupe, sina mtu. Mwambieni aje. Sitamtesa, nitakwenda taratibu. — Msusi alikunywa kahawa, akafuta midomo kwa taulo. — Niambieni tu jambo moja nichanganye rangi. Zilikuwa rangi gani?

— Nyeusi — walisema wote watatu, na Shangazi wa nne.

— Nyeusi ipi?

— Nyeusi tu — Soli alisema. — Nyeusi ya... kawaida.

Msusi aliingia ndani, akatoka na kishada cha nywele za mfano, vishungi vidogo vimefungwa kwenye pete kama funguo. Alivikunjua mbele yao juani. Wembe, ambaye ameishi na nywele kuliko alivyoishi na watu, alishangaa: vyote vilikuwa vyeusi na hakuna viwili vilivyofanana. Kimoja kilikuwa na ubuluu wa ndani, kama mgongo wa mbawakawa. Kingine kilikuwa kizito, hakina mng'ao, kama masizi ya sufuria. Kingine kilionekana cheusi mpaka kipigwe na jua, ndipo hudhurungi itoke. Kingine kilikuwa na vumbi ndani yake, kingine na moshi.

— Kipi ni chake?

Mheshimiwa alivaa miwani. Akakitazama kishada, akamtazama msusi, akavua miwani.

— Mimi nilikuwa naona kichwa kinapita — alisema.

— Hiki? — Shangazi aligusa kimoja, akakiacha. — Hapana. Au hiki. Lakini yeye hufunga sana...

— Muulizeni baba yake — msusi alisema, kwa nia njema kabisa. — Ni kinyozi, si ndiyo?

Wembe alinyoosha mkono akakishika kishada. Vidole vyake vilivipitia vishungi kimoja kimoja. Vidole hivi vinajua. Anajua kwamba mvi za Mheshimiwa zilianzia nyuma ya sikio la kushoto. Anajua mwenye bucha ana kovu utosini analolifunika kwa kuchana upande. Akifagia kibanda jioni, anaweza kukuambia rundo hili ni la nani na lile la nani. Kichwa gani cha mtaa huu hakijapita mikononi mwake?

Akamtafuta binti yake katika vidole hivyo. Mama wa binti alipofariki, kulikuwa na kipindi ambacho Wembe mwenyewe alimchana kila asubuhi kabla ya shule. Akakumbuka kigoda. Akakumbuka harufu ya mafuta, na njia aliyoipasua kichwani ikaenda kombo, na machozi ya mtoto kitana kilipokwama, na yeye akisema, "Vumilia, mama, vumilia kidogo." Alilikumbuka joto la fuvu lile dogo kiganjani. Rangi hakuikumbuka. Kisha alimkabidhi kwa msusi mmoja wa mtaa, akajisemea ametua mzigo, akarudi kwenye vichwa vya wateja. Tangu hapo hakumgusa tena. Na siku aliyomwambia akirudishe kichwa alichozaliwa nacho, alikuwa anadai kitu ambacho yeye mwenyewe asingekitambua kikirudi.

— Sijui — alisema.

— Pole — msusi alisema. Akafikiri. — Alijipaka mwenyewe?

— Mwenyewe.

— Basi nyuma hakufika. Anayejipaka hafiki nyuma vizuri. Hapa chini, kwenye shingo, zile zinazoanza kabisa. Na zimeshaota kidogo. Hapo bado ziko zenyewe. Mtu aende na kishada, aweke karibu, alinganishe.

Hakuna aliyeuliza mtu gani. Wembe aliinuka na kishada mkononi. Soli alifungua mdomo, Shangazi akamkanyaga mguu.

Barabara ile aliivuka maisha yake yote bila kuihisi. Leo ilikuwa pana. Alisimama mlangoni pa duka, kati ya magauni yaliyotundikwa, akaona mgongo, akaona kitambaa, akaona chini ya meza begi limeshafungwa zipu.

— Hodi.

— Karibu — binti alisema bila kugeuka, sauti ya wateja. — Kuna nguo ya kurekebisha?

— Hapana, mama. Ni mimi.

Mguu ulisimama juu ya kanyagio.

Alikuwa ameandaa maneno katikati ya barabara. Yalikuwa mengi, yenye msamaha ndani yake, na yenye siku ile ya dhahabu. Hakuna lililokuja. Lililokuja lilikuwa neno la kazi yake.

— Naomba kuona shingo — alisema. — Nyuma tu. Kidogo.

Hakuwahi kumwomba mtu shingo. Watu hukaa kitini wakainama wenyewe. Alisubiri. Fundi mwenzake alijifanya anatafuta vifungo. Nje gari lilipita, likaisha.

Binti hakugeuka. Alipeleka mikono nyuma, akalegeza fundo, kitambaa kikashuka mabegani. Halafu akainamisha kichwa, kidevu kikagusa kifua, mabega yakatulia, jinsi ile ile alivyokuwa akikaa kwenye kigoda asubuhi za shule akisubiri kitana. Wembe alikuwa hata hilo amelisahau. Binti hakulisahau.

Palikuwa hapo, chini kabisa, ambapo pakiti haikufika: vinywele vilivyojikunja, vichache, vipya. Wembe aliingia, akakisogeza kishada. Kile cha ubuluu, hapana. Cha masizi, hapana. Kile cha hudhurungi kilikaribia, kikashindwa. Kwa jua lililoingia mlangoni, vinywele havikuwa vyeusi hata kidogo. Vilikuwa na wekundu kwa ndani, mbali, kama kaa lililofunikwa na jivu. Kumbe. Kumbe zilikuwa hivi siku zote.

— Unaona? — binti aliuliza, sauti imebanwa kifuani.

— Naona.

— Rangi gani?

Ng'ambo, kwenye benchi, walikuwa wamesimama wote. Shangazi alikuwa ameliinamisha birika juu ya kikombe cha msusi na hakuna kilichotoka. Soli hakuweza kujizuia.

— Wembe! Ni ipi?

Wembe alikipitisha kishada tena tangu mwanzo, kishungi kwa kishungi, akafika mwisho. Chake hakikuwemo. Alitafuta neno la kuwaambia, hakulipata, na machozi yalikuwa yameanza kumchanganyia rangi. Aliweka kiganja juu ya kichwa kile, taratibu. Binti hakukitoa.

— Ngoja, mama — alisema. — Bado natazama.